Hesabu za Dobi wa Kisutu

Wengine waliisikia vita kwa baragumu.
Mimi niliisikia kwa kola.

Mwezi wa sita, ilipoingia manowari ya mabomba matatu,
mji mzima ulishuka pwani kuhesabu mizinga.
Mimi nilihesabu kaptula: mia moja na arobaini,
nyeupe, zinanuka jasho na grisi,
na mashati kumi na mawili ya Luteni Brant,
kila kifungo na nanga yake.

Kisima cha Kisutu hakiulizi kabila la nguo.
Mashati ya Luteni niliyatia uzi mweusi shingoni,
ya Mista Holowe, karani wa konseli wa Kiingereza, uzi mwekundu,
kisha yote nikayatumbukiza beseni moja,
mikono ikakumbatiana majini
kama ya watu waliokwisha kupatana.

Na kweli walikuwa wakila pamoja.
Kitambaa cha meza kilinieleza:
hapa kaketi Mdachi, hapa Mwingereza,
hapa katikati doa la mvinyo mmoja.
Nililisugua kwa ndimu na chumvi, likatoka.
Ningelijua, ningeliliacha.

Mwezi wa saba akaja Msa Mngazija, mpishi wa Holowe,
na kapu, na maneno ya bwana wake:
"Nguo zetu zisifuliwe tena na zao."
Kesho yake boi wa Luteni, maneno yaleyale,
utadhani wameyaandika kwa kalamu moja.
Nikanunua beseni la pili kwa Kasamali, rupia mbili na nusu.
Hakuna aliyenirudishia.

"Wanagombea nini?" nilimuuliza Msa.
"Bahari."
"Yote?"
"Huyu akiunda meli moja, yule anaunda mbili.
Huko kwao ndiyo hesabu wanayolalia."
Nikakamua shati. Maji yakatoka, maji tu.

Usiku wapagazi walipanda ubao na makaa ya mawe,
wakishuka hawajuani kwa sura.
Hata makaa ya miti, ya pasi yangu, yakapanda bei,
kana kwamba ile meli itayala nayo.
Na serikali, bila haya, inaniletea vitambaa themanini
vya meza za maonyesho ya mwezi wa nane:
kahawa, mkonge, ng'ombe wa kuvishwa utepe.
"Tia wanga mpaka visimame vyenyewe."
Nikatia.

Jioni moja manowari ikaondoka bila kuaga.
Asubuhi Msa akasimama mlangoni.
"Nipe nguo."
"Hazijakauka."
"Nipe hivyohivyo."
Akazishindilia kapuni zikivuja,
na matone yakamfuata njia nzima hadi kwa konseli.
Nilisimama nikiutazama mstari ule vumbini
hadi jua lilipoufuta.
Simu haikuniambia kitu. Gazeti sijui kusoma.
Lakini Mwingereza anayechukua shati bichi
hana nia ya kulivaa hapa.

Yaliyofuata mnayajua.
Wakazamisha gati mlangoni mwa bandari,
serikali ikajifungia nje ya bahari yake.
Mizinga ikalia, mnara wa simu ya upepo ukalala chini.
Mke wangu, Binti Mgaya, chini ya kitanda, akauliza:
"Na deni lako utamdai nani?"

Vile vitambaa themanini alivifuata muuguzi, na mkasi.
Alivikata vipande vya shubiri nne nne,
akasonya:
"Vimekuwa vikavu mno hivi. Havinyonyi damu."
Nilitaka kumwambia ni kazi nzuri ile,
wanga wa muhogo, safi, nilichuja mara tatu.

Limebaki shati moja la Holowe.
Msa alilisahau kambani, nyuma ya choo.
Na askari wanapita nyumba kwa nyumba,
wanatafuta karatasi, taa, chochote cha Kiingereza.
Usiku huu nimekaa na kibatari na sindano,
nafumua uzi mwekundu shingoni, mshono kwa mshono.

Uzi umetoka wote.
Matundu yamebaki,
madogo, manane, yamepangika.
Nimeyapiga pasi mara mbili.
Bado yanasomeka.